Moyo Hauna Kosa, Tazama Njia Zake

Popote redio hii ilipokukuta, iwe jikoni Rhotia, dukani Karatu mjini, au umeilaza kwenye nyasi kule Endulen unangoja ng'ombe warudi bomani, karibu tuketi pamoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya moyo. Moyo wa nyimbo, ule unaopenda na kuvunjika, una watangazaji wake. Mimi nasema moyo wa nyama, huo unaodunda sasa hivi nyuma ya mfupa wa kifua chako, ncha yake imeelekea kushoto, ukubwa wake kama ngumi yako mwenyewe, na kwa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Lakini sitaanzia kifuani kwako. Nitaanzia kwenye shingo ya ng'ombe.

Aliyekulia Ngorongoro ameliona jambo hili tangu utotoni. Vijana wanamshika ng'ombe, mmoja anamzungushia ukanda wa ngozi chini ya shingo, karibu na mabega, anaukaza. Haupiti muda, mshipa unatokeza upande wa kichwani, umevimba, unaonekana hata chini ya manyoya. Mwenzake anachukua upinde na mshale mfupi ambao ncha yake imewekewa kizuizi usizame sana, anaupiga mshipa kwa karibu. Damu inatoka kwa kuruka, wanaikinga kwa kibuyu. Ikitosha, ukanda unalegezwa, tundu linapakwa tope au samadi, na ng'ombe anarudi malishoni kama vile hakuna lililotokea. Damu inakorogwa kwa kijiti ili nyuzi zake zishikane na kutolewa, halafu inanywewa yenyewe au pamoja na maziwa. Mama aliyejifungua hupewa, na mtu aliyeishiwa nguvu hupewa.

Sasa nikuulize wewe uliyeona. Kwa nini mshipa ule huvimba upande wa kichwani, usivimbe upande wa mabegani? Na kwa nini ukanda ukilegezwa damu hukoma, wakati ng'ombe akichinjwa damu haikomi mpaka iishe?

Jibu la kwanza ni kwamba damu ya mshipa ule inatoka kichwani, inarudi moyoni. Ukiiziba njia, inajikusanya kule inakotoka, kama mto unavyofurika juu ya boma la maji na kukauka chini yake. Jibu la pili ni kwamba mshipa ule ni vena. Vena hubeba damu inayorudi, damu iliyokwisha kuzunguka na kuchoka, isiyo na msukumo mkubwa. Kipande cha tope kinaitosha. Chini yake, ndani zaidi ya nyama ya shingo, kuna ateri inayopandisha damu kichwani kwa nguvu za moyo wenyewe. Mshale ukifika huko, ng'ombe amekufa. Kizuizi kile kidogo kwenye ncha ya mshale ndicho kinachotenganisha kunywa damu na kupoteza mfugo, na aliyekibuni alijua mwili wa ng'ombe kwa kiwango kinachostahili heshima yetu.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu ambacho Ulaya inakihesabu kuwa mwanzo wa elimu ya mzunguko wa damu. Jaribio lake kubwa lilikuwa hili hili: alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, akatazama vena zikivimba upande wa kiganjani, akasema kumbe damu hii inarudi. Alikuwa anabishana na mafundisho ya miaka zaidi ya 1,000 yaliyosema kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula, na mwili huitumia ikaisha, kama shamba linavyokunywa maji ya mfereji. Hoja iliyowashinda wapinzani wake ilikuwa ya hesabu. Tuifanye sisi kwa ndoo.

Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu lita 5 hivi kwa dakika. Ndoo ya lita 20, ile ile tunayojitwisha, huijaza kwa dakika 4. Kwa siku nzima ni ndoo 360. Na damu yote iliyo mwilini mwako ni lita 5 tu, robo ya ndoo! Hakuna chakula duniani kitakachotengeneza ndoo 360 za damu kila siku. Kwa hiyo damu ni ile ile, inazunguka, na kila dakika moja karibu yote imeshapita moyoni mara moja na kurudi tena.

Nimeisema hesabu hiyo kwa sababu kuna jambo nataka ulibebe mpaka mwisho wa mazungumzo haya. Tumezoea kusema fulani ana ugonjwa wa moyo, fulani kafa kwa moyo, kana kwamba moyo wake ulimgeuka. Mimi naamini moyo ni kiungo kivumilivu mno, na mara nyingi hauna kosa. Maradhi mengi tunayoyapa jina lake yanaanzia nje yake, kwenye mishipa, kwenye mapafu, hata kooni. Ukitaka kuujua moyo, tazama njia zake.

Twende mnadani. Wanaokaa Karatu wanajua tarehe: 7 na 25 za kila mwezi. Watu wanatoka kila upande, mbuzi, mashuka, moshi wa nyama. Pita kwa wachoma nyama, mwambie kijana, "Mdogo wangu, nionyeshe moyo wa ng'ombe kabla hujaukata." Moyo wa ng'ombe ni mkubwa kuliko wetu, lakini ramani ni moja. Kwanza ubonyeze kwa vidole. Upande mmoja ni laini, unabonyea. Upande wa pili ni mgumu kama ngumi iliyokunjwa. Ule laini ni upande wa kulia wa mnyama, mgumu ni wa kushoto. Sasa mwombe aukate kwa upana, utaona ukuta wa kushoto una unene wa karibu mara tatu ya ule wa kulia.

Tofauti hiyo ndiyo siri yote ya jengo hili. Moyo mmoja ni pampu mbili zilizoshikamana mgongo kwa mgongo. Shuleni tulifundishwa majina, auriko mbili juu na ventriko mbili chini, tukayakariri na kuyasahau. Ngoja tuyafuate kwa miguu. Damu iliyochoka inaingia upande wa kulia kwa barabara mbili kubwa, vena kava ya juu inayoleta damu ya kichwa na mikono, na vena kava ya chini inayoleta ya miguu, tumbo na ini. Inakusanyika kwenye chumba cha juu, inapita mlango kwenda chumba cha chini, na chumba hicho kinaisukuma kwenye ateri ya mapafu. Mapafu yako jirani, safari ni fupi, ndiyo maana ukuta wa kulia haukuhitaji kuwa mnene. Huko damu inatua hewa chafu na kupakia oksijeni, halafu inarudi kwa vena nne za mapafu kwenye chumba cha juu cha kushoto. Inashuka chumba cha chini cha kushoto. Hapo ndipo penye misuli, kwa sababu kutoka hapo damu inatakiwa ifike kwenye utosi wa kichwa na kwenye kidole cha mwisho cha mguu.

Inatoka kwa mshipa mkuu kuliko yote, aota. Huo pia mwombe kijana akuonyeshe. Ni bomba jeupe, linavutika kama mpira, na likikatwa linabaki wazi likikutazama. Vena iliyo pembeni yake ikikatwa inalala, inajifunga kama mfuko mtupu. Aota inapanda kidogo, inapinda kama mpini wa mwavuli, pale inapopinda inatoa matawi ya kichwa na mikono, halafu inashuka ikiegemea uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, na hapo inagawanyika kuwa mbili, moja kwa kila mguu.

Na kati ya kulia na kushoto pana ukuta wa nyama usio na tundu. Jambo hilo lilichukua karne nyingi kukubalika. Galeni, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba damu hupenya ukuta huo kwa vitundu visivyoonekana. Aliyesimama akakataa alikuwa tabibu wa Damaski aliyefanya kazi Kairo, Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288. Aliandika kwamba ukuta ule ni mzito na hauna vitundu, na kwamba damu haina njia ya kufika kushoto ila ipitie mapafuni. Alimtangulia Harvey kwa takriban miaka 400. Inaniuma kwamba watoto wetu wanamaliza shule bila kulisikia jina lake.

Tundu lenyewe kuna wakati lipo kweli. Mtoto akiwa tumboni hapumui, mapafu yake hayana kazi, kwa hiyo Mungu amemwachia kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu ili damu ikate njia. Akizaliwa na kulia, mapafu yanafunguka na kijitundu kinafungwa. Kuna wengine huzaliwa na matundu ambayo hayakupaswa kuwapo au hayafungi, na hao ndio tunaowasikia wakipelekwa Dar es Salaam kutibiwa.

Sasa presha. Hapa naomba tutoke mnadani, tupande barabara ya lango la Lodoare, tupite ukingo wa kreta ya Ngorongoro, tushuke upande wa Olduvai. Utawaona twiga. Ndani ya kreta hutawaona, kuta zake ni kali mno na chini hakuna migunga ya kutosha ya kuwalisha. Lakini huku nyuma wapo. Twiga ana shingo ya karibu mita 2, na ubongo wake uko juu kabisa. Ili damu ifike, moyo wake unasukuma kwa presha iliyo karibu mara mbili ya yetu. Na ukuta wa kushoto wa moyo wa twiga ni mnene ajabu, unazidi kunenepa kadiri shingo ya ndama inavyorefuka. Moyo ukipewa mzigo, unajenga misuli. Hiyo ni tabia yake.

Twiga ameumbwa hivyo na haumii. Binadamu hakuumbwa hivyo. Wewe mtu wa futi 5 na nusu ukiwa na presha ya kupanda, mishipa yako imekuwa migumu na damu inapita kwa shida, moyo wako nao unafanya kama wa twiga, unanenepesha ukuta wa kushoto. Haulalamiki, unaendelea kusukuma miaka 10, miaka 20, ukuta unakuwa mzito, chumba kinapungua nafasi, halafu siku moja unachoka na kutanuka kama mpira uliolegea. Miguu inavimba, usiku mtu hawezi kulala bila mito mitatu. Watu wanasema moyo umemshinda. Moyo ulibeba mzigo ambao mishipa iliutupa mgongoni kwake.

Ndiyo maana kipimo cha presha kina namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unasukuma, ya chini ni wakati umepumzika. Namba 120 kwa 80 ni nzuri. Ikirudia kufika 140 kwa 90 au kuzidi, siku tofauti, ukiwa umetulia, hiyo ni presha. Na haisubiri kichwa kiume. Wengi walio nayo hawasikii chochote.

Kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi na moyo, ile ya mapafuni. Hii ina kisa chake hapa hapa Karatu. Mwaka 2002 daktari kutoka California, Frank Artress, alikuja na mke wake Susan Gustafson kutalii, wakapanda Kilimanjaro. Kazi yake kwao ilikuwa kuwalaza usingizi wagonjwa wanaopasuliwa moyo, kwa hiyo mwili aliujua. Kule juu mapafu yake yakajaa maji. Watu wanaopanda milima mirefu kwa haraka huweza kupatwa na hali hiyo, kwa sababu mishipa midogo ya mapafu ikikosa oksijeni hujikaza, presha ya ateri ya mapafu inapanda, na maji yanavuja kutoka kwenye damu kuingia mahali pa hewa. Mtu anazama akiwa nchi kavu. Dawa ya kwanza ni kushuka. Alishushwa, akapona. Yeye na mke wake wakaacha maisha yao ya Marekani, wakaja Karatu, na mwaka 2008 wakafungua kliniki ya FAME, ambayo leo ni hospitali. Maelfu ya watu wa wilaya hii wametibiwa pale kwa sababu mishipa midogo ya mapafu ya mtu mmoja ilijikaza mlimani.

Usiogope, msikilizaji, sisi tunaokaa mita 1,500 hapa Karatu, au hata 2,300 kule ukingoni, hatuko kwenye hatari hiyo. Mwili wetu umezoea.

Nimefika mahali ambapo nchi yetu iliifundisha dunia kitu, na nitakaa hapo kidogo.

Moyo unabeba damu ya mwili mzima, lakini wenyewe haunywi damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Unalishwa kwa mishipa yake maalumu, miwili, inayochomoza mwanzoni kabisa mwa aota, ikauzunguka kwa nje kama mizizi inavyokumbatia jiwe. Inaitwa mishipa ya korona. Ni myembamba, milimita 3 au 4 tu pale inapoanzia. Na jambo la ajabu ni kwamba upande wa kushoto, wenye kazi kubwa, hupata damu yake zaidi wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo. Ukikaza, unaibana mishipa yake wenyewe. Kwa hiyo moyo unakula ukiwa umepumzika. Mshipa mmojawapo ukizibwa na bonge la damu, nyama iliyokuwa inalishwa na mshipa huo inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Maumivu mazito ya kubana kifua, yanayoweza kupanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba, pumzi inakata. Hapo hakuna kulala uone kesho. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1960 madaktari wengi wa nchi za Magharibi walikuwa wakiamini kwamba mafuta ya wanyama ndiyo yanayoziba mishipa hiyo. George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani, akajiuliza: basi Wamaasai? Vijana waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama wangekuwa wanaanguka kila siku. Akaja yeye na wenzake kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai katika nchi iliyoitwa Tanganyika, na matokeo yakachapishwa mwaka 1964. Lehemu katika damu yao ilikuwa chini, na dalili za mishipa ya moyo kuziba hazikuonekana.

Angeishia hapo tungebaki na kitendawili. Lakini mwaka 1972 alichapisha kazi nyingine, na hii ndiyo inayonigusa. Ilikuwa imechunguza mioyo na aota za wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Ndani ya aota kulikuwa na mafuta yaliyojipaka ukutani. Mishipa ya korona ilikuwa imenenepa kwa ndani sawasawa na ya wazee wa Marekani. Yaani utando ulikuwapo! Kilichokuwa tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosogea, ikatanuka kuliko ule utando ulivyonenepa, na njia ya damu ikabaki pana. Mann akaona kwamba huenda ni kazi ya miguu. Watu hawa walitembea na ng'ombe maisha yao yote, na moyo unaotaka damu nyingi kila siku huilazimisha mishipa yake ipanuke.

Alilisema kama dhana ya mtafiti, na ni haki tuliseme hivyo hivyo. Ila kuna watu leo wanaouza ulaji wa nyama peke yake na kuwataja Wamaasai kama ushahidi. Wanasimulia nusu ya habari. Hawasemi kwamba utando ulikutwa, na hawasemi juu ya kilomita zilizotembewa. Mwenye kula kama morani huku anakwenda dukani kwa bodaboda amechukua sahani akaiacha miguu.

Na si Wamaasai peke yao. Bondeni kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe. Watafiti waliwafunga kifuani vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa siku wanapata zaidi ya saa 2 za mwendo unaoupandisha moyo, kuchimba mizizi, kufuata mnyama, kuchota maji. Presha ya kupanda ilikuwa nadra miongoni mwao, hata kwa waliozeeka. Mzee wa Mang'ola anayetembea na upinde wake ana mishipa ambayo tajiri wa mjini angeinunua kama ingeuzwa.

Basi nimesema njia za nje. Nimebakiza milango, na kwa watoto wetu hii ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Weka sikio lako kwenye kifua cha mtoto aliyelala. Utasikia du-dup, du-dup. Watu wengi wanadhani ni sauti ya moyo ukigonga kitu. Ni milango inafungwa. Moyo una milango minne, inaitwa vali: miwili kati ya vyumba vya juu na vya chini, miwili kwenye midomo ya aota na ateri ya mapafu. Ukiukata ule moyo wa mnadani utaiona, ni vitambaa vyeupe vyembamba vinavyong'aa, na ile ya ndani imeshikiliwa na nyuzi nyeupe kama kamba za hema, isipinduke upepo ukivuma. Kila mlango unafungua upande mmoja tu. Unafunguka na kufungwa mara 100,000 kwa siku, na kwa miaka 70 hakuna fundi anayekuja kuupaka mafuta.

Sasa mtoto wa miaka 8 anaumwa koo. Sisi tunasema ni mafindofindo. Anapewa maji ya chumvi, au anapelekwa kwa mzee wa kukata kimeo. Mengi ya mafindofindo husababishwa na virusi na hupona yenyewe. Lakini mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokoko, na huyu ndiye mwizi. Mwili wa mtoto unatengeneza askari wa kupigana naye, na kwa watoto wengine askari hao wanakosea, wanaona vali za moyo zinafanana na adui, wanazishambulia. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto anapata homa, goti linavimba, linapoa, linahamia kwenye kifundo au kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki. Ikimrudia na kumrudia, mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto unapata makovu, unashikana, unakuwa mwembamba kama tundu la kifungo, au unashindwa kufunga na damu inarudi nyuma.

Na moyo, kwa uvumilivu wake ule ule, unanyamaza. Binti anakua, anacheza, anaolewa. Anapata mimba, na mimba huongeza damu ya mwili kwa karibu nusu. Mlango uliokwisha kubana haupitishi kiasi hicho. Damu inarudi mapafuni, mama anakohoa povu, na ndipo ndugu wanaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba moyo wake ni mbovu. Ubovu huo uliingia kwa koo, miaka 15 iliyopita, kwa sababu hakuna aliyempa penisilini.

Tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu mwaka 2015, madaktari wetu wenyewe wanafungua vifua, wanarekebisha vali, wanabadilisha, wanaweka betri, na matibabu mengine wanayafanya kwa mirija inayopitishwa kwenye mshipa wa paja au mkono bila kupasua kifua. Tunajivunia. Lakini kutoka Karatu mpaka huko ni zaidi ya kilomita 700, na aliyewekewa vali ya chuma anameza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara. Koo la mtoto lilikuwa linatibika zahanati ya kijijini, dawa yake ni ya siku nyingi na bei yake ni ndogo.

Kukata kimeo hakumuui streptokoko. Nasema kwa heshima zote kwa wazee wetu wa tiba, hakumuui, na kisu kinaweza kumwongezea mtoto kidonda na damu kumwagika.

Mama, baba, bibi unayelea wajukuu: kama kuna mtoto nyumbani mwako usiku huu anayeshindwa kumeza mate, ana homa, tezi za shingo zimevimba, kesho asubuhi mpeleke zahanati, mganga amtazame koo na aseme kama anahitaji penisilini. Akipewa vidonge, amalize vyote hata kama koo limepoa siku ya pili. Na wewe ambaye mwanao alishaugua homa ya rumatiki, akaandikiwa sindano ya kila mwezi, nenda kachukue kadi yake sasa hivi, itazame kwenye mwanga, uone tarehe ya sindano inayofuata ni lini.